Shajara ya viatu vya Forester: rimu tatu, nati mbovu na kiporo cha ugali

Jumamosi, 8 Juni 2024. Odomita 148,210

Gari ni Subaru Forester SG5 ya 2004, otomatiki, lita mbili bila tabo. Inatembea kwa rimu zake za kiwandani za inchi 16 na matairi 215/60R16. Mawili ya mbele yameshaanza kipara upande wa ndani, kwa hiyo matairi nilikuwa nanunua hata ningefanyaje. Rimu ni tamaa tu. Sitaki kujidanganya kwenye daftari langu mwenyewe.

Leo pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, nimeangukia seti ya rimu za Toyota, safi, hazijapakwa rangi ya kuficha mikwaruzo. Muuzaji kanihakikishia: "Hizi bosi zinaingia Subaru kama zimezaliwa nayo. Nati tano, mia kwa mia." Kwa upande wa nati hakudanganya. Nati tano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100 ni za Allion, Premio, Wish na Caldina, na ndizo za Forester hii. Nikalipa, nikapakia, nikaenda uani kwa fundi nikiwa napiga mluzi.

Rimu ikagoma kukaa. Matundu ya nati yamekaa sawa kabisa na stadi, zile bolti zinazoshika nati, lakini rimu inaning'inia juu ya habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, kama mfuniko kwenye sufuria isiyo yake. Fundi akachukua kipimo. Tundu la katikati la rimu ya Toyota ni mm 54.1, habu ya Subaru ni mm 56.1. Milimita mbili zimenila nusu siku.

"Tunapeleka kwa mkerezaji, dakika ishirini tu," fundi akasema. Najua watu wanafanya hivyo na magari yanatembea. Lakini mkerezaji akikosea kuiweka rimu katikati ya mashine, nitakuwa nimenunua mtetemo wa maisha. Nikazirudisha. Nimerudishiwa hela pungufu ya elfu ishirini, ambayo muuzaji kaiita "ya usumbufu". Yake au yangu, sikuuliza.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada nimevua gurudumu moja nikaliosha mgongo kwa sabuni na brashi. Hili lilikuwa la kufanywa kabla sijashika pochi. Chini ya tope la miaka kuna maandishi: 16×6½JJ, yaani kipenyo inchi 16 na upana inchi 6½, na pembeni 48.

Namba ya mwisho ndiyo ofseti, na ndiyo wauzaji wengi wa rimu huipita bila kuitaja. Ukikata rimu katikati ya upana wake, ofseti ni umbali kutoka kwenye mstari huo hadi pale rimu inapogusa habu. Ikiwa kubwa, gurudumu linazama ndani kuelekea shokapu. Ikipungua, linatoka nje kuelekea fenda. Yangu ni mm 48, yaani kiwanda kimelizamisha sana.

Kwa tairi, 215 ni upana kwa milimita, 60 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya mafuta: ubavu ni mm 129, mara mbili ni 258, jumlisha 406.4 za rimu. Kipenyo mm 664.4. Hii namba nimeiandika kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa boksi la vifaa. Chochote nitakachofunga kitapimwa kwayo.

Jumatano, 19 Juni

Rimu za pili, safari hii nikiwa na futikamba mfukoni. Za Kijapani, 17×7½, ofseti 38, zimegongwa muhuri wa JWL, ule wa viwango vya rimu vya Japani, na tundu la katikati ni mm 73. Tundu kubwa ni kawaida kwa rimu za spoti, kwa sababu mtengenezaji anataka zifunge magari mengi. Halafu unanunua ringi za habu za kujaza pengo, kwangu ni za kutoka 73 kuja 56.1. Hapa mjini sikuzipata. Nimeagiza Dar, zije na basi.

Hesabu ya nafasi nimeifanya palepale, muuzaji akinitazama kama naandika mtihani. Upande wa ndani rimu hii inasogea kuelekea shokapu kwa karibu mm 3 tu. Upande wa nje inatoka mm 23 zaidi ya ya kiwandani. Hilo la pili linaonekana kwa macho na ndilo linalopendeza, na ndilo litakalonitia presha kwenye fenda.

Zimekuja na matairi yake, 225/45R17. "Ya bure hayo mkuu, kashata bado nzima." Ni kweli kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyoshika barabara, ni nzima. Ila ubavuni pameandikwa STUDLESS, na kashata zenyewe zina mikato myembamba mingi kama mtu kazichana kwa wembe. Haya ni matairi ya theluji ya Japani. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi kali. Ukiupeleka kwenye lami ya Kyela saa nane mchana, unalika kama kifutio. Msimbo wa DOT unaishia 4116, maana yake wiki ya 41 ya mwaka 2016. Yana karibu miaka minane.

Nikayachukua hivyohivyo. Nilijiambia ni ya kushikilia rimu tu mpaka nipate mapya. Kumbuka sentensi hii ukifika tarehe 4.

Jumamosi, 22 Juni

Siku ya nati. Kijana wa pale gereji alichota nati kwenye kopo, akaiweka kwenye stadi, akabonyeza bunduki ya upepo. Ilizunguka mara mbili ikalia vibaya. Nilipiga kelele nikiwa bado nimeshika kikombe cha chai.

Nati ilikuwa ya Toyota. Unene wa stadi ni uleule, mm 12, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu nati inaingia na inaanza kuzunguka. Lakini meno ya Toyota yameachana mm 1.5 na ya Subaru mm 1.25. Ukilazimisha kwa bunduki, nati inajichongea njia yake na stadi imekwisha. Tumebadilisha stadi moja. Kijana aliomba radhi kweli, "samahani kaka, nimezoea za Toyota," na simlaumu, maana kati ya magari kumi yanayoingia pale labda nane ni Toyota.

Nati sahihi nimezipata duka la spea za Nissan, kwa kuwa Nissan na Suzuki nao wanatumia mm 1.25. Nimechukua zenye kichwa cha koni, kwa kuwa matundu ya rimu hizi yamechongwa kwa koni. Nati bapa yenye washa hapa ingegusa ukingo tu, na siku moja ingelegea.

Magurudumu yamefungwa bila ringi. Nikifika 90 usukani unatetemeka. Chini ya hapo ni shwari.

Alhamisi, 4 Julai. Odomita 148,702

Ya kushikilia rimu tu.

Nilikuwa natoka Igurusi jioni, jua liko machoni. Kabla ya Inyala kuna mahali lami imemeguka pembeni, na lori lililokuwa linakuja halikunipa nafasi ya kukwepa. Gurudumu la mbele kushoto lilipiga ukingo kwa mlio ambao niliusikia kwenye meno. Sikusimama mara moja. Baada ya mita kama mia mbili usukani ukaanza kuvuta.

Ubavu wa tairi ulikuwa umetoa nundu ya ukubwa wa yai, na mdomo wa ndani wa rimu umejipinda. Ubavu wa 225/45 una kimo cha mm 101. Wa kiwandani una 129. Hizo mm 28 ndizo zingelimeza lile shimo badala ya kuliachia rimu.

Spea yangu ni gurudumu la zamani, 215/60R16. Hapa sasa ndipo Forester inapotofautiana na IST ya jirani. Gari inavuta magurudumu yote manne, na magurudumu yakitofautiana mzingo, giaboksi inadhani moja linateleza na inabaki inapambana nalo muda wote. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi robo inchi, yaani kama mm 6. Mimi nilikuwa na matairi yenye kipenyo cha mm 634 na spea ya 664. Kwa kila mzunguko mmoja tofauti ni karibu sentimita 9 na nusu.

Kwa gari ya otomatiki ya aina hii kuna mlango wa kutokea. Ndani ya boneti pana kishikio kimeandikwa FWD, kiko tupu. Ukichomeka fyuzi, nguvu ya nyuma inakatwa, gari inavutwa na mbele peke yake, na taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi. Nilichomoa fyuzi ya akiba nikaichomeka hapo. Halafu sikufunga spea mbele. Nilitoa gurudumu zima la nyuma kushoto nikalileta mbele, spea nikaiweka nyuma, ili ekseli inayovuta iwe na matairi mawili yanayolingana. Kazi ya kupiga jeki mara mbili, pembeni mwa barabara kuu ya Tunduma, malori yakinipepea shati. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi alinishikia tochi ya simu mpaka mwisho. Nilinunua ndoo yake nzima.

Mlima Nyoka nimeupanda kwa 40. Nimefika Uyole saa mbili usiku.

Jumapili, 7 Julai. Sabasaba

Rimu imenyooshwa. Fundi ameipasha moto kidogo akaivuta taratibu, kisha nikaipaka mafuta ya taa mgongoni, nikaifuta, nikapaka chaki nyeupe nisubiri. Pangekuwa na ufa, mafuta yangejitokeza kwenye chaki kama mstari. Hakuna kitu. Ningeona hata uzi mmoja ningeitupa.

Leo nimekaa na meza ya ukubwa. Kwa inchi 17 nilikuwa na tatu za kuchagua. 225/50R17 inanipa mm 656.8, pungufu ya asilimia moja na kidogo, ubavu mm 112. 215/55R17 inanipa 668.3, zaidi kwa mm 4 tu, ubavu 118. 225/55R17 inanipa 679.3, zaidi kwa asilimia 2.2, ubavu 124.

Moyo ulikuwa umeshachagua ya mwisho. Inainua gari, ubavu umenona, inajaza fenda. Spidi haikunisumbua sana, ingawa tairi kubwa linaidanganya dashibodi: ukisoma 50 uko kama 51, na tochi ya trafiki haijui kipenyo cha tairi lako. Kilichonisumbua ni sahani ya springi.

Shokapu ya mbele ya Forester imebeba springi juu ya sahani ya chuma, na ukingo wa sahani hiyo umekaa karibu kabisa na bega la tairi. Watu hupima nafasi ya fenda wakasahau hapo. Lakini kuna jambo zuri: sahani imeshikamana na shokapu upande wa chini, hivyo hupanda na kushuka pamoja na gurudumu. Pengo utakaloliona gari ikiwa imesimama ni lilelile shimoni. Fenda ndiyo inabadilika.

Jumamosi, 20 Julai

Ringi zimefika. Za plastiki ngumu, nilitaka za alumini, basi. Rimu sasa inaingia kwenye habu kwa kusukuma na kiganja na inatoa sauti ya kuziba, kama kifuniko cha chupa ya chai.

Mzee wa matairi, ambaye nimekuwa nikimsumbua wiki nzima, alinifungia 225/55R17 moja kuukuu kwenye rimu yangu ya majaribio. Nikaileta nyumbani kuipima. Pengo lile huwezi kuingiza rula, na kidole kinadanganya. Nilihitaji kitu laini kinachobaki na alama. Jikoni palikuwa na kiporo cha ugali wa jana.

"Hicho ni cha kuku," mama watoto akasema.

"Kuku watasubiri."

Nikafinyanga matonge manne, kila moja kama yai la kwale, nikayabandika chini ya ukingo wa sahani ya springi. Ugali wa kiporo, hasa wa sembe iliyosongwa ikakaza, unashika kwenye chuma kuliko nilivyotegemea. Nikafunga gurudumu, nikalizungusha kwa mkono taratibu, nikalivua. Matonge yamekuwa chapati. Moja nikalikata kwa kisu nikapima unene kwa futikamba: mm 4.

Nne ni ndogo. Gari ikikata kona kwa kasi tairi hujikunja, na masika barabara ya ndani kwetu Nzovwe ni udongo mwekundu unaoganda kwenye kila pengo.

Tonge jingine nilibandika ndani ya mdomo wa fenda ya nyuma, tairi hilohilo likiwa limefungwa nyuma. Nikapakia wanangu wawili, shemeji, na gunia la viazi, nikapita tuta la mtaani mara tatu. Tonge limekwanguliwa nusu, na alama za kashata zinasomeka juu yake.

Nikairudisha 225/55. Jioni mzee akanifungia 215/55R17. Ugali mpya, mzunguko uleule. Kwenye sahani unene mm 10. Kwenye fenda, viazi vikiwa bado ndani na shemeji kachoka kushuka na kupanda, tonge liko kama nilivyolibandika.

Kuku wamekula ushahidi wote wa upande wa kushoto.

Jumatano, 31 Julai

Ukubwa umeamuliwa, imebaki aina. Ndugu yangu wa Chunya anataka niweke matairi ya kashata kubwa, ya porini. Kwa yeye anayekwenda machimboni sawa. Mimi siku sita kwa wiki niko lami, kati ya Nzovwe na Uyole, na kwa sasa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi ikiwa inajengwa, nakula vumbi na michepuko lakini si matope ya kuzama. Kashata kubwa zinalia, zinakula mafuta, na kwenye lami yenye maji mteremko wa Kawetere zinashika vibaya kuliko tairi la barabara lenye mifereji mirefu ya kusukuma maji. Isitoshe, kwa 215/55R17 sikuona ya porini popote. Zipo kwenye 215/65R16, na hilo nimeliweka akilini.

Dukani walinipa kwanza yenye namba 94. Hiyo ni uzito: tairi moja linabeba kilo 670. Ya kiwandani kwangu ni 95, kilo 690. Tofauti ni gunia dogo tu, ila mimi nabeba viazi na mama mkwe, kwa hiyo nikakataa kushuka. Nimepata yaliyoimarishwa, 98, kilo 750, herufi ya spidi V, yaani hadi 240 kwa saa. Mimi kwa barabara hizi sifiki hata nusu yake. Yote manne yana DOT ya wiki moja, mwaka huu.

Nimenunua manne kwa pamoja. Mfuko umeumia, lakini baada ya Inyala sinunui mawili mawili tena.

Alhamisi, 8 Agosti. Nanenane

Mji mzima uko viwanja vya John Mwakangale, gereji ipo tupu, fundi ana muda wangu. Tumefunga manne, tumebalansi. Rimu iliyonyooshwa imedai gramu 45 za risasi, nyingine tatu chini ya 20 kila moja. Hiyo ya 45 nimeiweka nyuma kulia. Nati tumekaza kwa nyota, kwa spana ya kipimo, Nm 100, ambao ndio mwisho wa kile kinachosemwa na kitabu cha gari hii. Bunduki ya upepo nimeomba ipumzike.

Alaimenti imepimwa. Mbele magurudumu yalikuwa yanatazama nje, ndiyo siri ya kile kipara cha ndani. Rimu hazikuwa na hatia.

Fyuzi ya FWD nimeichomoa na kuirudisha mahali pake. Taa imezima.

Jumapili, 11 Agosti. Odomita 149,388

Kyela na kurudi. Kwa 90 usukani umetulia, kwa 100 pia. Kwenye kona za Kiwira gari inajibu upesi kuliko zamani, ila matuta nayasikia zaidi kiunoni, hizo ni zile mm 11 za ubavu nilizozitoa.

Upepo nilijaza 33 nyumbani asubuhi, baridi ya Mbeya ya mwezi huu. Kyela alfajiri ya pili yake, matairi yakiwa hayajatembea, nikasoma 33 tena. Ilinishangaza kwanza. Ukishuka mita 1,200 hewa ya nje inakuwa nzito na kipimo kinashuka karibu 2. Ukiingia kwenye joto hewa ya ndani inavimba na kipimo kinapanda karibu 2. Zimefutana. Wa kupungukiwa ni anayejaza mchana Kyela tairi likiwa la moto, halafu analala Mbeya.

Rimu za kiwandani siuzi. Desemba tunakwenda Matamba, na ile njia ya kupanda kutoka Chimala si ya kupelekea inchi 17. Nitazivalisha 215/65R16 za kashata, ambazo ni mm 686, na najua tayari nitazipima kwa nini.

Leo jioni nimekaza nati upya. Mbili za mbele kulia zimesogea kidogo, nyingine kimya. Nikiwa chini ya gari nikamulika sahani ya springi ya kulia, upande ambao kuku hawakuufikia. Kuna tonge moja nililisahau tangu tarehe 20. Limekauka kama jiwe, lina vumbi la Kyela, na upande wa chini halina hata mkwaruzo.